Mume wangu anasema ile siyo jazz

Anko wa Gitaa anajibu barua zenu za muziki

Shikamoo Anko. Mimi ni dada wa miaka 41, kwetu Tanga ila naishi Uingereza mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee na shifti zangu nyingi ni za usiku. Barua yangu ndefu kidogo uniwie radhi, maana nyumbani kwangu amani imepungua kwa sababu ya gitaa.

Ilianza hivi. Kuna duka la mitumba hapa mtaani, nikaona CD imeandikwa Karibu, nikasema he, wa nyumbani huyu, nikainunua pauni moja bila hata kusoma nyuma. Kumbe jamaa ni mpiga gitaa wa jazz anaitwa Lionel Loueke na siyo wa kwetu hata kidogo, ni wa Benin. Basi ile CD ndo imenivusha baridi ya huku, miaka minne naisikiliza kwenye basi usiku naenda kazini, ule wimbo wa Karibu naujua mpaka pale anapovuta pumzi, nikiwa na mawazo nausikiliza, nikiwa na furaha nausikiliza, watoto wameshachoka wanasema mama badilisha.

Mwezi uliopita akaja mji wa jirani, peke yake, hana bendi. Ukumbi mdogo, watu kama 150 hivi, tiketi pauni 24, nikakata mbili, yangu na ya baba watoto ambaye yeye ni mtu wa rhumba na muziki wa dansi wa zamani. Anko, jamaa kakaa kwenye kiti, akachomoa kipande cha karatasi akakipenyeza kwenye nyuzi za gitaa! Mume wangu akanigusa na kiwiko, “gitaa lake bovu hilo”. Halafu akaanza kupiga na huku anagonga ulimi mdomoni ko ko ko na anaimba sauti kama watu watatu. Mimi mwili wote umesisimka. Ilipofika Karibu nikaijua mwanzoni, nikajua sa hivi naimba naye, mara ikapotea, yaani dakika kama kumi sijui tuko wapi, nikawa kama mtu aliyepanda basi la Korogwe akajikuta Lushoto, halafu ghafla ikarudi na mi nikalia machozi kabisa. Kabla ya hapo nilikuwa nimepiga makofi aliponyamaza kidogo, kumbe hajamaliza, nimepiga peke yangu ukumbi mzima, babu mmoja wa mbele akageuka kuniangalia.

Njiani mume wangu anasema ile siyo jazz, jazz ni Morogoro Jazz, ile ni mtu anajaribu mashine. Tangu siku hiyo nikiwa napika anapita nyuma yangu ko ko ko.

Lingine linaniuma. Baada ya shoo alitoka akasimama kwenye meza ya CD anasalimiana na watu. Nilikuwa hatua tano, CD yangu ya pauni moja iko kwenye mkoba, miguu ikagoma, nikaondoka. Sasa naomba kujua ile karatasi ni ya nini, makofi yanapigwa lini, na kati yangu na mume wangu nani mkweli. Na je ningemsalimia Kiswahili angenielewa?

Mama wa wawili, Uingereza

*

Marahaba binti yangu, pole na baridi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimemsomea mke wangu kwa sauti, amecheka sana pale mkwe wangu anapopita jikoni na ko ko ko zake, ila amesema nisimwache huyo mwanamume hivihivi. Haya.

Gitaa halikuwa bovu. Ile karatasi inakaa katikati ya nyuzi kuelekea kule zinapofungiwa chini, na kazi yake ni kuua ule mlio mrefu wa ngaaaa, ubaki mlio mfupi, mkavu, wenye kukwaruza kidogo. Ukifumba macho hapo husikii gitaa tena, unasikia marimba ya mkononi, yale ya Wagogo aliyokuwa akipiga marehemu Hukwe Zawose akazunguka nayo dunia. Ukipata nafasi uyaangalie kwa karibu, kwenye meno yake kuna vipete vidogo vya chuma vimevishwa makusudi ili vitetemeke, maana wazee wetu mlio uliotakata mno waliuona kama mchuzi usio na chumvi. Watengeneza magitaa wamehangaika miaka na miaka kuondoa mkwaruzo, huyu bwana anaurudisha kwa karatasi ambayo hata hajainunua.

Na ujue huyo mtu katoka wapi. Kazaliwa Cotonou mwaka 1973, gitaa kalishika ana miaka 17, na nyuzi kwao zilikuwa ghali na hazipatikani ovyo. Basi zikichoka alikuwa anazilowesha kwenye siki zitoe uchafu zilie tena, na ukikatika mmoja anaweka waya wa breki ya baiskeli. Waya wa breki! Mimi miaka ya themanini nimepiga gitaa la rhythm kwenye bendi ya shirika moja hapa Dar na nyuzi tulikuwa tunazichemsha kwenye sufuria kama mihogo, nilidhani tumefika mwisho wa shida, kumbe kuna wenzetu wamevua breki za baiskeli za watu. Mtu aliyepita hapo ukimpa gitaa zuri na vibonyezo vya miguuni anaona ni mchezo tu, anajaribu kila kitu.

Kutoka Cotonou akaenda kusoma muziki Abidjan, halafu Paris, halafu chuo cha muziki cha Berklee kule Boston, na mwaka 2001 akaenda kusailiwa taasisi ya jazz ya Thelonious Monk, hukohuko Marekani. Waliokaa mezani kumsikiliza walikuwa vigogo wa jazz, Herbie Hancock wa piano, Wayne Shorter wa saksafoni na Terence Blanchard wa tarumbeta. Fikiria wewe umeenda kuomba kazi ya upishi unakuta wanaoonja ni watu hao. Blanchard akamchukua kwenye bendi yake, baadaye Hancock naye akamchukua, wamezunguka pamoja miaka mingi sana, mpaka mwaka 2020 Loueke akatoa albamu nzima ya nyimbo za Hancock akizipiga na gitaa lake tu. Na hiyo CD yako ya mwaka 2008, Hancock na Shorter wote wawili wamo ndani. Pauni moja! Igeuze nyuma usome safari hii.

Sasa la wimbo kupotea. Hapa ndo hasa nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wanaokwenda kumwona mpiga gitaa wa jazz kwa mara ya kwanza wanaondoka na swali lako hilohilo. Uliyoizoea kwenye basi ni siku moja tu ya ule wimbo. Siku ile studio waliupiga hivyo, kesho yake wangeupiga vingine. Kawaida wanaanza na melodi unayoijua, hiyo ndo kama mlango, wakishaingia ndani kinachobaki ni mzunguko wa kodi, yaani zile sauti zinazopigwa kwa pamoja, na hesabu ya mapigo, juu yake mpigaji anatunga papohapo, halafu mwisho anarudi kwenye melodi ili na nyie mjue mmefika. Ulipodhani umepotea ulikuwa bado uko kwenye wimbo uleule, ungemsikiliza mkono wa kulia, kile kidole gumba kinachoshika besi, kingekwambia bado tuko Korogwe. Na huyu bwana hesabu zake ni ngumu hata kwa wenye kazi yao, kwenye CD hiyohiyo kuna wimbo unaitwa Seven Teens unahesabiwa mapigo 17, kumi na saba binti yangu, sisi tuliozoea nne tukijaribu kucheza hapo lazima tukanyagane.

Machozi yako melodi iliporudi hayana kosa lolote. Yangekuja vipi kama isingekuwa imeondoka kwanza?

Nikupe kisa changu. Mwaka 1976, nina miaka 15, nilipanda ukuta wa baa moja Ilala kumchungulia Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano maana hela ya kiingilio sina na mzee wangu angejua ningekiona. Nyimbo zake nilikuwa nazijua zote redioni, na miaka yote hiyo nilikuwa naamini lile gitaa ninalosikia ni la mtu mmoja, Mbaraka mwenyewe, nikawa nafanya mazoezi mpaka vidole vinachubuka nashindwa kupata yale yote kwa pamoja, najiona mjinga. Pale ukutani ndo nikaona. Magitaa yalikuwa mengi! Mmoja anapiga kidogo anamwachia mwenzie, mwingine kakazania chini, Mbaraka anapita juu yao, wanajibizana kama watu wanaopiga soga, na redioni ilikuwa inasikika mkono mmoja. Nilishuka ukutani nina mchubuko wa goti na akili mpya.

Sasa wewe umeona kinyume chake. Kwenye CD yako, ukiwaacha wageni Hancock na Shorter, bendi ni watatu, Loueke na yule wa besi Massimo Biolcati na yule wa dramu Ferenc Nemeth, siku ile ukumbini kaja mmoja, na ukasikia watatu. Gumba ndo besi, ulimi ndo dramu, vidole vilivyobaki ndo gitaa, na juu yake anaimba. Hilo CD haiwezi kukuonyesha hata uisikilize miaka kumi, kwenye basi ungesema tu ah kuna mtu anagonga kijiti. Lazima ukae pale uone mdomo unavyofanya kazi ambayo mwingine angelipwa kuja kuifanya. Kwa hiyo kiti, siku nyingine, usichukue cha katikati nyuma kisa unaona jukwaa zima. Chukua cha mbele pembeni, upande ambao gitaa halizibwi na mwili wake wala na stendi ya maiki, uone mikono. Kumbi kubwa sana mimi kwa jazz ya gitaa sizipendi, unalipa hela nyingi kuangalia televisheni. Ukifika London siku moja jaribu klabu kama Ronnie Scott's pale Frith Street, wako hapo tangu 1965, meza zimebanana, mpigaji akikohoa unasikia.

Makofi sasa. Ikiwa ni bendi, kila anayemaliza solo yake watu wanampigia makofi mafupi wakati wimbo unaendelea, hiyo ni kama kumwambia tumekusikia kaka. Akiwa peke yake inakuwa ngumu maana hana wa kumpokea, na kunyamaza kwake ni sehemu ya kupiga, ndo maana umenaswa. Angalia mkono. Kama bado uko juu ya nyuzi hata kama kimya, subiri. Ukiachia kabisa au akinyanyua uso kuwaangalia, piga mpaka viganja viwake. Na yule babu wa mbele asikusumbue, kuna siku na yeye alipiga peke yake.

Tuje kwa mkwe wangu. Mkwe, shikamoo hujaniamkia lakini nakusamehe. Una nusu ya ukweli. Neno jazz hapa kwetu lilishakuwa la kwetu zamani mno, Dar es Salaam Jazz Band walianza 1932, Morogoro Jazz 1944, na ng'ambo ya ziwa, Kongo, Franco na wenzie wakaanzisha O.K. Jazz mwaka 1956. Ila siyo kwamba walikuwa wanapiga kama Marekani. Kilichowaingia wengi wao ni sahani za santuri za Cuba, rumba ile, na neno jazz likawa maana yake tu bendi ya kisasa, ina magitaa na tarumbeta, watu wanacheza wamevaa viatu. Kama leo mtu anavyoandika “dijitali” kwenye bango la saluni. Kwa hiyo Morogoro Jazz kwa jina ni jazz, na ile uliyosinzia, maana mkeo hajasema lakini mi najua ulisinzia, ni jazz kwa kazi.

Lakini nikuulize wewe mtu wa dansi. Wimbo ukishaimbwa, maneno yakaisha, wakaingia chemko, waimbaji wanakaa pembeni na solo linaanza kutembea peke yake, mara leo linakwenda huku, Jumamosi ijayo linakwenda kule, na wewe unanyanyua mikono unasema ah huyu mtu! Unafurahia nini hapo kama siyo mtu kutunga papohapo? Loueke anakupa chemko dakika kumi mfululizo, kasoro yake kwako ni kwamba hujapewa nafasi ya kucheza. Hapo nakuelewa kabisa, hata mimi kiti kinanichosha.

Mwisho la kumsalimia. Benin hawasemi Kiswahili, kwao Kifaransa na Kifon na lugha nyingine. Ila huyu ndiye aliyeita albamu moja Karibu na iliyofuata mwaka 2010 akaiita Mwaliko, mwimbaji wa kwao Angélique Kidjo yumo humo, na wapiga besi Esperanza Spalding na Richard Bona. Mtu kakukaribisha halafu kakualika, kwa lugha yako mwenyewe, juu ya jalada, na wewe uko hatua tano unakimbia! Siku nyingine nenda na hiyo CD mkononi, mwambie asante, halafu mnyooshee asaini. Wanamuziki wa jazz wanaosimama mezani huwa wamesimama kwa ajili hiyo, na pia kwa sababu CD ndo nauli ya kesho, kwa hiyo safari hiyo nunua mpya na hela kamili.

*

Anko habari. Mimi napiga gitaa la umeme kanisani Mwanza, nimeona video ya huyo jamaa wa Benin nimejaribu kuweka karatasi kwangu inatoa mlio wa ovyo kama redio mbovu. Nakosea wapi? Na mbona hashiki piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi?

Salama kijana. Yeye anapiga vidole vitupu na mara nyingi nyuzi ni za nailoni, laini, kwa hiyo karatasi inatulia. Zako ni za chuma na nadhani na sauti ya amp, ile spika ya gitaa, umeipandisha. Shusha kwanza, zima zile mbwembwe zote za kuunguruma, chukua karatasi ya kawaida siyo ngumu kama ya kadi ya harusi, ikunje mara moja, ipitishe juu ya uzi mmoja chini ya unaofuata mpaka mwisho, halafu isogeze kidogokidogo kuelekea chini zinapofungiwa mpaka usikie mlio unakauka. Piga kwa nyama ya kidole siyo kucha. Na umwambie kiongozi wa kwaya kabla ya Jumapili, usije ukaombewa.

*

Anko mimi niko Mombasa sina visa sina hela ya Ulaya. Gitaa zuri laivu nitaliona wapi?

Mwanangu huhitaji kwenda mbali hivyo. Vuka uende Unguja Februari kwenye Sauti za Busara, ipo tangu 2004, siyo tamasha la jazz ila wapiga gitaa wa Afrika nzima wanapita pale. Fuatilia ratiba za Alliance Française, Nairobi na hata hapo kwenu, wanaleta watu wa maana na kiingilio mara nyingi siyo cha kutisha. Ukijikusanya vizuri zaidi, Cape Town wana tamasha lao la jazz kubwa tangu 2000, watu wa Cape Town gitaa wanalijua, Jonathan Butler ni mtoto wa hukohuko Athlone. Na usidharau bendi za hotelini hapo pwani, kaa karibu na yule mzee wa kona anayepiga hajaangalia mtu, agiza soda moja, ukae nayo kwa saa tatu nzima.

*

Kwako Anko, mimi siku zote nikienda shoo narekodi kwa simu wimbo mzima ili nije kusikiliza nyumbani, mchumba wangu anasema nawaudhi watu. Nawaudhi kweli?

Ndiyo.